Barua ya wazi kuhusu Jumamosi na Jumapili za mwanachuo wa Dar es Salaam

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji na wa manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Na wakuu wa vyuo vya elimu ya juu vilivyomo mkoani.

Waheshimiwa,

YAH: KUMFUNGULIA MWANACHUO MILANGO YA JIJI MWISHO WA JUMA

Barua hii inaelekezwa kwa ofisi nyingi kwa mpigo kwa sababu jambo linalozungumziwa halina ofisi moja inayolibeba. Nauli na njia za magari ziko chini ya LATRA, taa za barabarani na usafi wa fukwe ni kazi ya halmashauri, mabweni na ratiba za masomo ni shughuli ya vyuo, na kila ofisi inapotimiza sehemu yake bila kuitazama ya jirani, siku mbili katika kila saba za maisha ya mwanachuo hubaki bila msimamizi wala mtetezi. Hoja inayowasilishwa hapa ni kwamba mwisho wa juma ni sehemu ya elimu ya juu kama ulivyo muhadhara, kwamba kijana anayesoma miaka mitatu au minne katika jiji kubwa kuliko yote nchini anastahili kuondoka akiwa analifahamu jiji hilo, na kwamba mambo yanayomzuia, yaani nauli, saa ya kurudi na milango iliyofungwa, yamo yote ndani ya uwezo wa ofisi hizi kuyarekebisha.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ndani ya idadi hiyo wamo maelfu ya vijana waliokuja kusoma kutoka Kagera, Mtwara, Katavi, Manyara na kwingineko, ambao wengi wao hawakuwahi kuishi mjini kabla ya kupangiwa chuo. Vyuo vyenyewe vimetawanyika mkoa mzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuhamia Mlimani mwaka 1964, kinapakana na Chuo Kikuu Ardhi. Muhimbili iko Upanga, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko ng'ambo ya bahari Kigamboni, na katikati ya mji vimo Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia. Mtawanyiko huu ungeweza kuwa neema, kwa kuwa sehemu nyingi za jiji zina chuo na kila chuo kingeweza kuwa mwenyeji wa vingine, lakini kwa mwanachuo wa kawaida umekuwa umbali tu: wa Mlimani humaliza shahada bila kukanyaga Kigamboni, na wa Kigamboni huifahamu Mlimani kwa kuisikia.

Historia inaonyesha kwamba haikuwa hivyo wakati wote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chuo kilipokuwa kidogo na wanafunzi wake wakiishi kwenye mabweni na kula bwaloni, umoja wa wanafunzi wenye mwelekeo wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupisho cha USARF uliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, yaani vikao vya kusoma na kujadili vitabu vya siasa na uchumi ambavyo havikuwa na mtihani wala alama, na mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri Mlimani, alikuwa miongoni mwa walioshirikiana na vijana hao. Jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe, na si lengo la barua hii kufufua mjadala wa siasa za wakati huo. Linalohitaji kukumbukwa ni kwamba kizazi kile, ambacho majina yake yanatajwa mpaka leo katika sheria, historia na uongozi wa Afrika Mashariki, kilipata sehemu ya elimu yake siku ambayo ratiba ya chuo ilikuwa tupu, kwa sababu palikuwa na mahali pa kukutana, chakula cha uhakika na muda usiokuwa na mwenyewe.

Hali ya sasa ni tofauti tangu misingi yake. Sera ya uchangiaji wa gharama, ambayo ilimtaka mwanafunzi na mzazi kubeba sehemu ya gharama zilizokuwa zikibebwa na serikali, ilibadilisha maisha ya vyuo kuanzia miaka ya 1990, na ongezeko la udahili lililofuata liliyaacha mabweni nyuma. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Mlimani Aprili 2017, zenye majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840, zilikuwa msaada mkubwa na zinastahili sifa, lakini wanachuo wengi bado huishi katika mageto, yaani vyumba vya kupanga ambavyo wawili au watatu huchangia kodi, huko Changanyikeni, Msewe, Sinza, Ubungo Kibo na Kimara. Fedha za kujikimu zinazotolewa na Bodi ya Mikopo, ambazo wanachuo wenyewe huziita bumu, zilipandishwa katika mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka kiwango cha juu cha shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Hatua hiyo ilipokelewa kwa shukrani. Hata hivyo, fedha hizo hutolewa kwa awamu na si siku kwa siku, na kati ya awamu moja na nyingine kuna majuma ya mwisho ambayo mwanachuo hupunguza mlo ili apate nauli ya kwenda darasani, sembuse ya kwenda matembezini.

Hesabu ya nauli inastahili kufanywa wazi. Kwa viwango ambavyo LATRA iliviweka kuanzia Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na shilingi 200 kwa mwanafunzi, lakini mwanafunzi anayetambuliwa na kondakta ni mtoto wa shule aliyevaa sare. Mwanachuo, ambaye ni mwanafunzi mbele ya Bodi ya Mikopo na mbele ya chuo chake, huwa mtu mzima pindi anapokanyaga ngazi ya daladala, na kitambulisho chake hakimsaidii kitu. Anayekaa Mabibo na kutaka kwenda ufukwe wa Coco hubadili gari walau mara moja, kwa hiyo kwenda na kurudi humgharimu shilingi 2,400, ambazo ni karibu robo ya posho ya siku nzima iliyokusudiwa kumlisha na kumlaza, na hapo hajanunua hata sahani ya mihogo wala dafu. Akifanya hivyo kila Jumamosi ya mwezi, fedha alizotumia barabarani zingetosha kumnunulia mchele na maharage ya siku kadhaa. Kijana mwenye akili timamu hufanya hesabu hiyo na kubaki chumbani, na haitakuwa haki kumlaumu kwa kuifanya.

Anayebaki hakosi shughuli. Jumamosi ni siku ya kufua, kusuka nywele, kupika pamoja na kwenda Karume au Tandika kuchagua mitumba. Jumapili wapo wa kwaya, na vikundi vya dini vimekuwa kwa wengi familia ya pili inayowashika mkono katika mwaka wa kwanza ulio mgumu kuliko yote. Wapenda mpira huenda kibanda umiza, yaani banda la mbao na mabati linaloonyesha mechi kwenye televisheni kwa kiingilio kidogo, ambako watu hukaa kwa kubanana katika joto kali na ambako, kwa kweli, urafiki mwingi wa vyuoni huzaliwa. Maisha haya yana heshima yake na hayahitaji kuhurumiwa. Kasoro yake ni kwamba yote hutokea ndani ya kipande kidogo cha ardhi kati ya bweni, kituo cha daladala na gengeni, na mwanachuo aliyekuja Dar es Salaam anaweza kuishi humo miaka mitatu akilitazama jiji kupitia dirisha la gari tu.

Wakati ofisi za umma zikiwa zimekaa kimya, wafanyabiashara hawakukaa. Baa zimeuzunguka karibu kila mtaa wenye mageto, matangazo ya usiku wa wanachuo hubandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme, na desturi ya kuwaruhusu wasichana kuingia bure, ambayo sura yake ni ya ukarimu, huwageuza kuwa chambo cha kuwavutia wateja wanaume. Katika lugha ya vijana mahali pa starehe huitwa kiwanja na kustarehe ni kula bata, na kwa sasa kiwanja kilicho karibu, chenye taa, muziki na uhakika wa kupata watu ni hicho chenye bia. Wazazi walioko mikoani wanapolalamika kwamba chuo kimemharibu mtoto, na wakuu wa vyuo wanapotoa waraka wa kukemea mienendo, pande zote mbili husahau kuuliza ni wapi pengine ambapo kijana huyo angeweza kwenda saa moja ya jioni siku ya Jumamosi, akarudi salama, na akabakiwa na fedha ya chakula cha Jumapili.

Kurudi salama ndilo jambo zito kuliko yote katika barua hii. Matembezi ya mwanachuo hupangwa kuanzia mwisho wake: kwanza huulizwa gari la kurudi litapatikana mpaka saa ngapi, kisha ndipo huamuliwa kama safari ifanyike. Jioni ya Jumapili, wakati ambao maelfu ya watu huondoka kwa pamoja Coco, daladala hujaa kabla ya kufika kituoni, baadhi hukatisha njia na kuwashusha abiria katikati kwa kuwa dereva ameona faida zaidi kugeuza, na anayebaki kituoni hana budi kupanda bodaboda kwa bei ambayo hupanda kadiri giza linavyozidi. Mzigo huu humwangukia zaidi msichana. Yeye huanza kuitazama saa kabla jua halijazama, huondoka katikati ya onyesho au mjadala ambao wenzake wa kiume wataumaliza, na kama amechelewa hulazimika kuchagua kati ya kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua na kutembea peke yake kwenye kichochoro kisicho na taa kutoka barabara kuu hadi getoni. Mahali ambapo nusu ya wanafunzi hulazimika kuondoka mapema kwa hofu, haiwezi kusemwa kwamba fursa zimetolewa sawa kwa wote. Vivyo hivyo hutokea baada ya mechi ya Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ambapo mashabiki humiminika kwa pamoja Barabara ya Mandela na mwanachuo wa Mlimani hufika kwake usiku wa manane.

Jiji lina njia ya kutatua hili na limekwisha kuijaribu. Mabasi yaendayo haraka, yanayojulikana kwa wote kama mwendokasi, yalianza huduma Mei 2016 katika barabara ya kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Gerezani na Morocco, na japokuwa foleni na upungufu wa mabasi vimekuwa malalamiko ya kudumu, yalithibitisha kwamba gari lenye njia yake na kituo chenye taa hubadilisha uamuzi wa mtu kuhusu kutoka au kutotoka nyumbani. Kinachoombwa ni kwamba fikra hiyo ivushwe hadi matembezi ya Jumamosi na Jumapili. Njia moja ya mzunguko, yenye mabasi machache ya ukubwa wa kati, inayoanzia Mlimani na kupita Mwenge, Kijiji cha Makumbusho, Coco, daraja la Tanzanite, Posta na Kivukoni kisha kurudi Mlimani, ingeunganisha vyuo vingi kwa mpigo na sehemu nyingi za umma kwa mpigo. Na kama basi la mwisho lingeondoka Posta saa nne usiku kwa muda uliotangazwa na kuheshimiwa, hofu iliyoelezwa hapo juu ingepungua kwa kiasi kikubwa. LATRA ina mamlaka ya kutoa leseni za njia na kupanga nauli, na inaweza kukitambua kitambulisho cha chuo kwa nauli nafuu katika siku hizo mbili tu, jambo ambalo halitawaumiza wenye magari sana kwa kuwa mchana wa mwisho wa juma magari mengi hukaa kituoni yakisubiri kujaa.

Kuhusu fukwe, ni vema ikumbukwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na kwa hiyo ukanda wa mchanga ulio kando ya pwani ya mkoa huu haukukusudiwa kuwa ua wa mtu. Hata hivyo anayetoka Kawe kwenda Kunduchi kwa miguu hukuta kuta, mageti na viingilio, na ufukwe ambao kijana asiye na fedha anaufikia kwa uhakika unabaki kuwa Coco, ambao kwa sababu hiyo hulemewa. Manispaa ya Kinondoni ingeweza kuainisha vichochoro vya umma vinavyoshuka baharini, kuviwekea vibao na kuvilinda visizibwe, na pia kuweka waokoaji wenye mafunzo katika fukwe zenye watu wengi, kwa kuwa wanachuo wengi wanatoka mikoa ya bara, hawajui kuogelea, na bahari wanaiona kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 20. Kigamboni kuna ufukwe mrefu na mzuri, na safari ya kivuko cha Magogoni, ambayo kwa miaka mingi imegharimu shilingi 200, ni safari ya bahari iliyo rahisi; wengi hawaifanyi kwa kuwa upande wa pili hakuna usafiri wa uhakika wa kuwafikisha ufukweni na kuwarudisha.

Makumbusho ya Taifa yaliyoko Mtaa wa Shaaban Robert yanatazamana na maisha ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha kila siku, kwa kuwa taasisi hizo ni majirani wa mtaa mmoja, na ndani yake ndimo yanamohifadhiwa masalia ya Zinjanthropus, fuvu lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75 ambalo Mary Leakey alilifukua Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Jengo la namna hiyo, lenye bustani na ukumbi, likifunguliwa jioni ya Jumamosi walau mara moja kwa mwezi kwa mihadhara, ngonjera, filamu na muziki, na wanachuo wakiingia kwa kitambulisho bila malipo, lingeweza kuwa kiwanja kwa maana ile ile ya vijana. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi nao uko ndani ya uwezo wa reli ya mjini iliyoanza kazi Oktoba 2012 kwa ajili ya wafanyakazi wa asubuhi na jioni. Treni moja ya Jumamosi ingewafikisha Pugu wanafunzi wa mimea, wa jiografia na hata wale wanaotaka kivuli tu.

Upo upinzani unaotarajiwa, na unastahili kujibiwa kwa heshima. Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi ameletwa mjini kusoma na si kutembea, na kwamba maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018 ikiwa na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000 na kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, inamtosha. Maktaba hiyo ni fahari ya nchi. Lakini mhandisi atakayesanifu barabara za jiji hili, daktari atakayetibu wagonjwa wake, mwalimu atakayefundisha watoto wa Mbagala na Tegeta, na ofisa mipango ambaye siku moja atakalia kiti katika mojawapo ya ofisi zinazoandikiwa leo, hawawezi kulijua jiji kwa kulisoma pekee, na miaka ya chuo ndiyo miaka ambayo wangelijua kwa miguu yao, kabla majukumu ya kazi na familia hayajawafunga. Wengine watasema fedha hazipo. Kwa sehemu kubwa yanayoombwa hapa ni maamuzi: kutambua kitambulisho, kurefusha saa za kufungua mlango uliopo, kutangaza saa ya basi la mwisho, kuondoa geti lililowekwa bila ruhusa. Taa za vichochoroni na waokoaji vitagharimu fedha, na hilo halifichwi. Ndiyo maana inashauriwa vianzie katika maeneo machache yenye wanachuo wengi, yakiwamo Changanyikeni, Msewe, Mabibo na Chang'ombe.

Vyuo navyo vina wajibu ambao hauwezi kusukumiwa serikali. Serikali za wanafunzi, DARUSO ya Mlimani ikiwa mojawapo, huandaa mabonanza ya michezo na sherehe za kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na uzoefu huo unatosha kuratibu safari za pamoja kati ya chuo na chuo iwapo uongozi utatoa mabasi yanayolala uani kila Jumamosi na kugharimia mafuta. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza akitembezwa jijini na wenzake wa mwaka wa tatu katika juma lake la kwanza, akaonyeshwa njia za magari, mahali salama pa kushukia, makumbusho, kivuko na ufukwe, atajifunza kwa siku moja mambo ambayo wengi hujifunza kwa kuibiwa.

Mwaka wa masomo mpya huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo muda wa kujiandaa upo. Ombi la kwanza, ambalo halihitaji bajeti mpya, ni kikao kimoja kitakachoitishwa na Ofisi ya Mkuu wa Mkoa kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuripoti, kikiwakutanisha LATRA, wakurugenzi wa halmashauri, uongozi wa Makumbusho ya Taifa, wakuu wa vyuo na wawakilishi wa serikali za wanafunzi, wasichana wakiwa nusu ya wawakilishi hao, ili njia ya mzunguko ijaribiwe kwa muhula mmoja, na takwimu za abiria wa Jumamosi na Jumapili zitangazwe hadharani muhula huo utakapomalizika.